SQLite, MySQL, PostgreSQL au DuckDB: tazama inavyokosea kabla ya kutazama inavyokimbia

Karani wa mizani aliandika 42,5. Koma, si nukta. Vitufe hivyo viwili ni majirani kwenye kibodi, na saa kumi na mbili jioni, foleni ya wakulima ikiwa imetoka nje ya geti na kahawa mbivu imeanza kupata joto ndani ya magunia, kidole hakichagui. Kituo chenyewe kiko upande wa Mbozi. Mfumo wa kutunza kilo hizo, uliokaa juu ya hifadhidata ya SQLite, nilikuwa nimeuandika mimi, chumbani kwangu Mafiati, Mbeya mjini, kwa kujiamini kabisa. Kosa lile lilipita kimya siku nane. Tulilijua siku ya kufunga hesabu, jumla ya kompyuta ilipotoka pungufu ya jumla ya daftari la mkono, na mhasibu akanitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. Daftari ndilo lililokuwa sahihi.

Tangu siku ile nimeacha kuulizana na wenzangu lile swali tunalolipenda, "ipi ina kasi?" Kwa kazi tunazopata huku Nyanda za Juu Kusini, yaani vyama vya ushirika, zahanati, shule, maduka ya pembejeo na timu za tathmini za miradi, kasi si tatizo. Rekodi laki mbili kwa msimu ni nyingi kwa chama cha msingi, na hifadhidata yoyote kati ya hizi nne inazimeza bila kukohoa. Zote ni za bure, msimbo wake uko wazi, unapakua na kutumia bila kumwomba mtu. Zinapotofautiana ni kwenye kukosea: ipi inakosea kimya, ipi inapiga kelele, na ikipiga kelele nani yupo karibu wa kusikia. Kwa hiyo nitazilinganisha hivyo, nikianza na kilo zile zile.

Kilo 42,5 kwenye milango minne

SQLite iliipokea. Ukitangaza safu kuwa REAL, yaani namba yenye desimali, kwake hilo ni pendekezo tu: ikiweza kugeuza ulicholeta kuwa namba inageuza, isipoweza inakihifadhi kilivyo, kama maneno. Basi 42,5 ikakaa kama neno katikati ya namba, na nilipoomba SUM haikulalamika, ilinipa jumla pungufu. Wala hiyo si hitilafu. Watengenezaji wameeleza waziwazi kwamba ndivyo walivyokusudia. Dawa ipo tangu toleo 3.37 la mwaka 2021: unaongeza neno STRICT mwishoni mwa tamko la jedwali, na kuanzia hapo safu ya namba inakataa maneno. Neno moja. Sikulijua.

MySQL inategemea umeikuta wapi. Tangu toleo 5.7 la mwaka 2015 hali yake kali inakuja ikiwa imewashwa, na thamani kama hiyo inarudishwa mlangoni. Lakini kwenye seva ya zamani, au ile ambayo fundi aliizima hali hiyo ili mfumo wake mkongwe usimsumbue, inakata kila kilichofuata koma, inahifadhi 42 na kuacha onyo. Nani anasoma maonyo? Nusu kilo ya mkulima imeondoka, na ushahidi umeondoka nayo. SQLite angalau ilinitunzia neno lenyewe, nikaweza kulitafuta na kulisahihisha. MySQL ya namna hiyo inakuachia 42 safi, isiyo na doa, na hutajua kamwe. Kwangu mimi hilo ni baya zaidi.

PostgreSQL inakataa. Inasema hiyo si namba, muamala (fungu la maandishi linaloingia lote au lisiingie kabisa) unasimama, hakuna kilichoingia, na hakuna swichi ya kuilainisha. Karani atakasirika, foleni itanung'unika, simu yako italia. Heri lawama kuliko fedheha.

DuckDB kazi yake ni nyingine, nitaieleza mbele, ila nayo niliipelekea faili la CSV, yaani maandishi ambayo safu zake zimetenganishwa kwa koma, lenye thamani hiyo ndani ya alama za nukuu. Inapofungua faili inasoma sehemu ya mwanzo na kukisia kila safu ni ya aina gani. Ikikuta "42,5" inaamua safu nzima ni maneno, na ukiomba jumla inakataa, kwa sababu maneno hayajumlishwi. Kama kasoro imejificha chini kabisa, baada ya sehemu iliyotumika kukisia, inasimama na kukutajia mstari wenyewe. Kwa mchambuzi, huo ni ustaarabu.

SQLite: hifadhidata ya mfukoni

D. Richard Hipp aliianza mwaka 2000 na akaiachia umma bila leseni ya kumfunga mtu. Iko ndani ya kila simu ya Android, iko ndani ya lugha ya programu ya Python, na maktaba yake inaweza isifike hata megabaiti moja, jambo ambalo mtu anayepakua kwa bando analielewa haraka. Haina seva, haina nywila, haina mlango wa mtandao. Hifadhidata nzima ni faili moja unaloweza kulitia kwenye fleshi.

Na hapo kwenye fleshi ndipo iliponipiga mara ya pili.

Nilikuwa nimewasha hali ya WAL, ambayo naipendekeza bado, kwa sababu inamruhusu mtu kusoma ripoti wakati mwingine anaandika. Namna inavyofanya kazi: maandishi mapya hayaingii moja kwa moja kwenye faili kuu. Yanakaa kwanza kwenye faili la pembeni linaloishia na -wal, kisha yanahamishwa yakifika wingi fulani, kwa kawaida kurasa 1,000, au programu ya mwisho inapofungwa. Mimi nilifika kituoni mchana, karani akiendelea na mizani, nikachomeka fleshi, nikanakili faili la .db peke yake, nikapanda Hiace kurudi Mbeya. Nikafungua kompyuta jioni: mizani zote za asubuhi ile hazipo. Mia moja na kitu. Nilikaa nikiitazama skrini huku chai inapoa. Zilikuwa salama kule Mbozi, ndani ya faili nililoliacha, ila nakala yangu, ile niliyokuwa nikiiita bakapu, ilikuwa na tundu la nusu siku. Laiti kompyuta ya kituo ingeibiwa usiku ule, ningekuwa na maelezo ya kutoa kwa wakulima.

Kwa hiyo usinakili faili la SQLite kwa mkono programu ikiwa wazi. Tumia amri ya .backup, au VACUUM INTO ambayo inakutolea faili jipya lililokamilika. Weka amri hiyo kwenye kitufe ndani ya mfumo wako, umwambie karani abonyeze kabla ya kufunga ofisi. Usimpe somo la WAL.

Kuna mengine mawili ya kukumbuka. Funguo za kuunganisha majedwali hazilindwi mpaka uwashe mwenyewe PRAGMA foreign_keys kila unapofungua, la sivyo utafuta mkulima na mizani zake zitabaki zikielea bila mwenyewe. Na SQLite inaruhusu mwandishi mmoja kwa wakati mmoja. Kwenye kompyuta moja hilo halisumbui, anayefuata anasubiri chembe ya sekunde. Balaa linaanza mtu anapoweka faili kwenye folda ya pamoja ya ofisi ili kompyuta tatu zilifungue kupitia mtandao. Kufuli za mafaili juu ya mtandao haziaminiki, WAL haifanyi kazi kabisa huko, na watengenezaji wenyewe wanaonya kwamba faili linaweza kuharibika. Kompyuta ya pili ikianza kuandika, muda wa kuhama umefika.

MySQL na ndugu yake MariaDB

Hapa nitapita haraka kuliko wapenzi wake watakavyotaka. MySQL ilitoka Sweden mwaka 1995. Michael Widenius, mmoja wa waanzilishi, aliipa jina la binti yake, My. Kampuni ya Sun iliinunua mwaka 2008, Oracle wakainunua Sun mwaka 2010, na Widenius, akiwa ameshaona upepo unakoelekea, alikwishaanza MariaDB mwaka 2009, jina la binti yake mwingine, Maria. Mwanzoni ulikuwa unaweza kuondoa moja na kuweka nyingine bila mfumo kushtuka. Siku hizi zimeachana vya kutosha kiasi kwamba nakala ya moja si lazima ifunguke kwenye nyingine, kwa hiyo jua kwa hakika hosti yako inakupa ipi.

Sababu ya kuichagua ni ya kijamii zaidi kuliko ya kiufundi, na siidharau. Hostingi ya bei nafuu ya kushirikiana, ile ambayo shule au lodge inalipia kwa mwaka, karibu kila mara inakuja na MySQL au MariaDB, na WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, inazitegemea. Kijana yeyote aliyemaliza diploma ya kompyuta Iyunga au Iringa mjini amewahi kufungua phpMyAdmin, ukurasa wa kusimamia MySQL. Ukiondoka kwenda masomoni, kuna mtu wa kurithi. Hilo lina thamani kuliko vipengele kumi usivyovitumia.

Ukikubali kazi ya kurithi mfumo wa zamani wa MySQL, angalia kwanza majedwali yametengenezwa kwa injini gani, yaani sehemu inayoandika data kwenye diski. Kabla ya toleo 5.5, injini ya kawaida ilikuwa MyISAM, na MyISAM haijui miamala. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, jedwali linaweza kuamka limeharibika, likidai kufanyiwa ukarabati. Huku kwetu ambako mvua ya Tukuyu ikianza na radi zake unajua kabisa usiku utakuwa wa mshumaa, jedwali la MyISAM ni kama kuanika mahindi nje mwezi wa tatu. Lihamishie InnoDB, injini inayoijua miamala, siku hiyo hiyo. Na ukiunda jedwali jipya weka usimbaji wa herufi wa utf8mb4, kwani ile inayoitwa utf8 tu inaishia herufi za baiti tatu. Kiswahili kitapita salama, lakini mzazi akituma ujumbe wenye kikatuni cha kucheka, mfumo wa shule utaanguka na hutaamini sababu.

PostgreSQL: mkaidi mwenye faida

Chimbuko lake ni mradi wa Michael Stonebraker katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986. Jina la PostgreSQL lilikuja 1996. Haina kampuni moja inayoimiliki. Toleo kubwa linatoka kila mwaka na linatunzwa miaka mitano, kwa hiyo unaweza kupanga. Ukaidi wake nimeshauonyesha kwenye kilo. Ila kilichonifanya nihamie huku kwa miguu miwili ni ramani.

Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni inayotaka bidhaa kama kahawa, kakao na mbao zinazoingia kwao ziambatane na uthibitisho kwamba hazikutoka kwenye shamba lililofyekwa msituni baada ya Desemba 2020. Tarehe ya kuanza kutumika imesogezwa mbele, lakini wanunuzi hawakusubiri: wanataka viwianishi (latitudo na longitudo) vya kila shamba, na kwa shamba linalozidi hekta 4 wanataka mipaka yake yote, si nukta moja. Sasa tazama tunacholima: kahawa Mbozi, kakao Kyela, mbao Mafinga. Kazi ya kupima mashamba kwa simu imetua mezani kwetu, na anayetunza data hizo anahitaji hifadhidata inayojua umbo la shamba ni nini.

PostgreSQL ikiongezewa PostGIS, kiongezi chake cha ramani, inajua. Unaweza kuiuliza: mashamba gani yanapandiana? Lipi limegusa mpaka wa hifadhi? Lipi mwenyewe kasema ekari mbili na mipaka yake inatoa tisa? MySQL nayo ina uwezo wa ramani, SQLite ina SpatiaLite, DuckDB ina kiongezi chake. Zote zitakuvusha kwenye maswali mepesi. Kwa maswali mazito, PostGIS imekuwepo tangu 2001 na karibu kila tatizo utakalolipata kuna aliyeshaliandikia jibu.

Lakini nayo ina mtego wake, tena inakosea kimya, kwa hiyo siwezi kuisifia tu. PostGIS inataka longitudo kwanza, latitudo baadaye. Sisi tumezoea kusema latitudo kwanza, na simu nyingi zinaandika hivyo. Mara ya kwanza nilipakia mashamba mia tatu ya Mbozi, hakuna kosa lililotokea, nikafungua ramani nione kazi yangu: Mbozi hakuna kitu. Nikasogeza, nikasogeza. Mashamba yote yalikuwa yanaelea kwenye bahari ya Atlantiki, karibu na pwani ya Moroko. Latitudo ya Vwawa ni kama 9 kusini na longitudo kama 33 mashariki. Ukizibadilishana unapata 9 magharibi na 33 kaskazini, na huko ndiko kuliko. Zote mbili ni namba halali, kwa hiyo hata mkaidi huyu hana sababu ya kukataa. Ongeza kwamba MySQL kuanzia toleo 8 inatarajia latitudo kwanza kwa viwianishi hivyo hivyo vya GPS, na utaelewa kwa nini anayehamisha mashamba kutoka moja kwenda nyingine lazima afungue ramani kwa macho yake kabla ya kusema amemaliza. Mimi sasa naweka kizuizi ndani ya jedwali lenyewe: longitudo iwe kati ya 32 na 37, latitudo kati ya -11 na -7. Kilicho nje ya hapo si cha kwetu.

Na eneo. Ukiomba ukubwa wa shamba moja kwa moja kutoka viwianishi vya GPS utapewa nyuzi za mraba, namba ndogo isiyo na maana kwa mkulima. Igeuze kwanza kuwa aina ya geography, inayohesabu kwa mita, au ihamishie UTM, mfumo wa ramani wa mita, kanda ya 36 kusini, ambayo kwa bahati nzuri inaimeza Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa mjini pamoja. Gawa kwa 10,000 upate hekta.

Kero yake kubwa ni utunzaji. Kuhama toleo kubwa si kubonyeza tu. Unahitaji zana ya pg_upgrade, au kutoa data zote kwa pg_dump na kuzirudisha. Kwenye Ubuntu nilisasisha seva, nikakuta matoleo mawili yakiishi pamoja: la zamani na data zote kwenye mlango 5432, jipya likiwa tupu kwenye 5433. Fundi asiyejua hilo akiunganisha kwenye 5433 na kukuta patupu, presha itampanda bure. Tena kila muunganisho ni mchakato wake kamili, na idadi ya kawaida ni 100. Mfumo wa wavuti ulioandikwa ovyo unaweza kuimaliza, ndipo watu wanaweka PgBouncer, programu ya kugawana miunganisho, mbele yake. Kama ofisi haina mtu hata mmoja atakayeingia kwenye seva mara moja kwa mwezi, usiwape PostgreSQL ya kusimamia wenyewe. Utakuwa umewapa ng'ombe wa maziwa nyumba isiyo na mkata majani.

Kuna faida ya kazi pia. DHIS2, mfumo wa taarifa za afya uliotokea Chuo Kikuu cha Oslo na ambao wizara yetu inautumia, unakaa juu ya PostgreSQL na PostGIS. Seva ya ODK, inayopokea dodoso kutoka kwenye simu za wapimaji, nayo inatumia PostgreSQL. Anayeijua vizuri hakosi mlango wa kubisha.

DuckDB, na kwa nini si mshindani wa hizo tatu

Nimesikia watu wakiuliza "niache PostgreSQL nihamie DuckDB?" Ni kama kuuliza kama uuze guta ununue mashine ya kukoboa.

Chukua daftari la mfanyabiashara wa mchele pale Mwanjelwa. Kila mstari: tarehe, mteja, aina, kilo, bei. Mteja akija kudai chenji yake, unatafuta mstari mmoja na kuusoma wote. Hiyo ndiyo kazi ya SQLite, MySQL na PostgreSQL: zinahifadhi mstari kwa mstari. Sasa mwenye duka anataka jumla ya kilo kwa mwaka mzima. Kwenye daftari lile lazima upitishe macho kwenye majina yote ya wateja usiyoyahitaji. Lakini kama kilo zingekuwa kwenye karatasi yao peke yake, ungezijumlisha mbio. DuckDB inahifadhi hivyo, safu kwa safu, na inazichakata kwa mafungu. Ilizaliwa Amsterdam, kwenye taasisi ya utafiti ya CWI. Mark Raasveldt na Hannes Mühleisen waliitoa kwa umma mwaka 2019, toleo 1.0 likaja Juni 2024. Haina seva, kama SQLite.

Inayonifurahisha ni kwamba haikudai uhamishe kitu kwanza. Una folda ya CSV za vituo vyote vya msimu? Unaandika:

SELECT kituo, SUM(kilo) FROM 'mizani_*.csv' GROUP BY kituo;

Imekwisha. Mafaili yote yamesomwa kama jedwali moja. Excel inaishia mistari 1,048,576 na kabla ya hapo laptopu ya gigabaiti nne imeshaanza kuunguruma. Pandas, maktaba ya Python ya kuchambua data, inataka data zote ziingie kwenye kumbukumbu. DuckDB ikizidiwa inatumia diski na kuendelea. Inaweza hata kujishikiza kwenye PostgreSQL au SQLite yako na kusoma humo humo. Kwa timu ya takwimu yenye laptopu za kawaida, sioni sababu ya kutoijaribu leo jioni.

Ila usiifanye ghala la mfumo wa kila siku. Mchakato mmoja tu ndio unaoandika, na maandishi madogo madogo ya kila dakika si chakula chake.

Jambo la sheria, na jambo la mwenye mali

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Jina la mkulima, namba yake ya simu, namba ya NIDA na sasa mipaka ya shamba lake: hizo ni taarifa zake, si za chama wala zako. SQLite na DuckDB hazina watumiaji. Mwenye faili anaona kila kitu, na faili linaibika kwa sekunde ishirini. Ukizitumia, basi diski ya kompyuta iwe imefungwa kwa usimbaji. MySQL inakuwezesha kugawa ruhusa kwa mtumiaji na jedwali. PostgreSQL inaenda mbali zaidi: unaweza kuamuru karani wa kituo A asione hata mstari mmoja wa kituo B, na amri hiyo ikakaa ndani ya hifadhidata, si kwenye programu yako ambayo kesho mtu ataiandika upya.

Kuhusu umiliki, mwaka 2024 Redis, hifadhidata nyingine iliyokuwa ya msimbo wazi, ilibadilisha leseni yake, na ndani ya siku chache baadhi ya waliokuwa wakichangia msimbo wake wakaanzisha Valkey chini ya taasisi ya Linux Foundation ili kuendelea na msimbo wa zamani. Programu ya bure yenye kampuni moja nyuma yake inaweza kubadilishiwa masharti wakati wewe umeshajenga. PostgreSQL na SQLite sina wasiwasi nazo upande huo. MySQL ipo mikononi mwa Oracle, chini ya leseni ya msimbo wazi ya GPL. Kama hilo linakukosesha usingizi, MariaDB ipo.

Ningechukua nini

Duka la pembejeo Uyole, kompyuta moja, mwenye duka na binti yake: SQLite yenye STRICT, na kitufe cha nakala. Tovuti ya shule au lodge: MariaDB uliyopewa na hosti, basi, usijitafutie ubingwa. Zahanati au mradi wenye seva na mtu wa kuiangalia: PostgreSQL. Timu ya tathmini inayopokea lahajedwali kutoka wilaya tano: DuckDB, hata kama msimamizi hataelewa kwa nini ripoti imetoka mapema.

Kile chama cha Mbozi kilihitaji mbili. Vituoni intaneti inakuja na kuondoka, kwa hiyo kila mizani ina SQLite yake yenye STRICT, inayoendelea kupima hata mnara ukizima. Jioni data zinapanda kwenda PostgreSQL ya ofisi kuu. Namba za stakabadhi nilizipa herufi za kituo mbele, maana bila hivyo kila kituo kingeanza na 1, 2, 3 na zingegongana zikikutana. Mhasibu anasoma kwa DuckDB kwenye laptopu yake, kwa kuruhusiwa kusoma tu.

Wiki ya kwanza baada ya kuhama, karani yule yule alinipigia simu.

"Kaka, mashine yako imekataa kilo za watu."

"Umeandika ngapi, dada?"

"Thelathini na nane koma mbili."

Nikamwambia abonyeze nukta. Akanyamaza kidogo, nikasikia kitufe kikibonyezwa, mtu nyuma yake akiuliza kama zamu yake imefika.

"Imekubali. Sasa si ungeifanya ikubali na koma tu, watu wangu wasisimame juani?"

Usiku ule nilibadilisha fomu: koma ikiandikwa kwenye sehemu ya kilo, inageuka kuwa nukta kabla ya kufika popote. Hifadhidata yenyewe sikuigusa.